Kikomo cha kasi ya intaneti kinawekwa wapi

Waya wa fiba unaoingia nyumbani haujui umelipia kifurushi gani. Kwenye GPON, teknolojia ya fiba ambapo nyumba nyingi hugawana waya mmoja, mlango mmoja wa mtoa huduma hushusha takriban Gbps 2.5 (gigabiti kwa sekunde) na kupandisha 1.25, na wateja wanaogawana kasi hiyo mara nyingi ni 32 au 64. Kinachokubana ni mipangilio tu. Ukiunganishwa, seva ya RADIUS, inayotunza taarifa za wateja, huiambia ruta kubwa ya mtoa huduma: huyu kupakua Mbps 20 (megabiti kwa sekunde), kupakia 2. Kwenye mtandao wa kebo, modemu yenyewe hupewa faili la mipangilio lenye kikomo hicho kila inapowaka.

Ruta huhesabu kwa tokeni, yaani vibali vya kupitisha data. Chukulia ndoo inayojazwa megabiti 20 kila sekunde, na kila pakiti (kipande kidogo cha data) inayopita inachota humo kiasi cha ukubwa wake. Kama ndoo inabeba megabiti 80 na laini inamudu Mbps 100, sekunde ya kwanza utakimbia kwa 100 kamili, kisha ndoo itakauka urudi 20. Kwa hiyo usiamini sana kipimo cha sekunde chache.

Ndoo ikikauka, baadhi ya watoa huduma hutupa pakiti zilizozidi. TCP, itifaki inayosimamia utumaji wa data, hudhani njia imesongamana na kupunguza mwendo; ndoo ikiwa ndogo mno, hata hizo 20 hutazifikia. Wengine huzipanga foleni, jambo ambalo ni la kiungwana zaidi mpaka foleni irefuke. Megabaiti 1 inayosubiri kupakiwa kwa Mbps 2 ni megabiti 8, yaani sekunde 4 za kungoja. Mmoja anatuma video, mwenzake simu inakatakata, na lawama zote zinaiendea kasi.

(Ukimaliza kiwango cha matumizi ya haki, kikomo kipya kinaweza kutumwa ukiwa bado umeunganishwa. Kuzima na kuwasha ruta hakukirudishi cha zamani.)

Kujua kama tatizo ni foleni, acha ping (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi) ikienda huku unapakia faili kubwa. Ikipanda kutoka milisekunde 20 hadi mamia, ndiyo hiyo. Pima kasi kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, si Wi-Fi, kisha kwenye ruta yako weka kikomo cha asilimia 90 ya ulichopata: kwa Mbps 2, weka 1.8. Chagua CAKE au fq_codel, mbinu za ruta za kupanga foleni. Foleni sasa itakuwa kwako, nayo itakuwa fupi. Kwenye kasi za mamia ya Mbps, kichakataji cha ruta ndogo huzidiwa na kazi hii. Hapo bana upande wa kupakia peke yake.