Je, wajua kwa nini bembea kubwa zilianzia baharini?

Likizo ya mwezi wa sita tulipanda SGR hapa Dodoma mimi na wanangu, saa tatu na nusu hivi tukawa Dar, kesho yake tukaenda Kunduchi kwenye yale maji ya kuteleza. Tukiwa njiani kurudi yule mdogo akaniuliza, mama, kwa nini michezo mizuri yote iko baharini, huku kwetu hakuna? Nilimjibu juujuu tu, lakini swali likanikaa kichwani, nikaanza kusoma kila nilipopata nafasi, na nilichokuta kimenifurahisha sana maana siku ile jibu tulikuwa tumelikalia. Ni treni.

Uingereza kuna mji wa pwani unaitwa Blackpool, reli ilifika pale 1846. Ndani kidogo, mkoa wa Lancashire, kulikuwa na miji ya viwanda vya nguo na kila mji ulikuwa na wiki yake moja kwa mwaka ya kuzima mitambo, viwanda vinafungwa vyote, wiki hii mji huu wiki ijayo ule. Sasa hebu waza, mji mzima uko likizo kwa pamoja, nauli ya treni nafuu na reli inaishia baharini, watu wanashuka kwa maelfu, wameshaoga, wameshakula, jua bado liko juu, wafanye nini? Hapo ndo mwenye bembea anapopatia riziki. Mwaka 1896 William George Bean, ambaye alishaona mambo haya Marekani, akaanza kuweka michezo kwenye mchanga kusini mwa mji, na pale ndo Pleasure Beach mpaka leo.

Marekani nako ni hivyohivyo, watu wa New York walikuwa na ufukwe wao, Coney Island. Pale 1884 LaMarcus Thompson alijenga rola kosta yake, yaani vigari vinavyopanda na kuteremka kwenye reli ya vilima, na wazo lilitoka kwenye reli! Huko Pennsylvania kulikuwa na reli ya mlimani ya kuteremshia makaa ya mawe, watu wakaipenda wakawa wanalipa kuteremka nayo kwa raha tu. Ya Thompson ilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, kwa senti 5, na watu walipanga foleni. Alitaka watu wapate pa kufurahi mbali na vilabu vya pombe.

Kuna kitu kimoja kilinishtua. Pleasure Beach kuna mtambo wa 1904 ambao bado unazunguka, vichombo vimening'inia kwenye nyaya halafu vinatanuka hewani kadiri unavyokaza mwendo. Aliyeubuni ni Hiram Maxim, ndo huyohuyo wa bunduki ya rashasha, bunduki ambayo Wajerumani walikuja nayo kwetu. Alikuwa anatafuta hela na watu wa kuunga mkono utafiti wake wa kurusha ndege. Nilikaa nalo muda mrefu hili, mkono mmoja umetengeneza silaha iliyoua babu zetu na bembea wanayochekea watoto hadi leo.

Turudi Coney Island. Mwanzoni michezo ilikuwa imesambaa tu barabarani, kila mtu na cha kwake, na wezi na walevi humohumo. 1895 Paul Boyton akazungushia eneo lake uzio akatoza kiingilio, 1897 George Tilyou naye akafungua bustani yake ya michezo, Steeplechase, kwa mtindo huohuo, familia zikaona hapa mtoto yuko salama. Baadaye zikaja bustani nyingine, Luna Park 1903 na Dreamland 1904, zimewashwa taa za umeme usiku kucha wakati watu wengi nyumbani hawajawahi kuwa na taa hata moja. Shida ni kwamba majengo yalikuwa mbao na plasta. Steeplechase iliungua 1907, Tilyou akatoza senti 10 watu waangalie mabaki, kisha akajenga upya. Dreamland iliungua 1911 ndo ikawa mwisho wake.

Treni za mjini zilipofika kabisa ufukweni mwaka 1920, kwa senti 5 tu, hata maskini akaweza kwenda, na siku za joto kali ilikadiriwa watu wanafika milioni moja pwani moja. Halafu ikaja zamu ya gari. Mtu mwenye gari haendi mwisho wa reli, anakwenda anapotaka, na nyumbani kuna kiyoyozi kwa hiyo upepo wa bahari haumwiti tena kama zamani. Disneyland, bustani ya michezo ya Marekani, ilipofunguliwa 1955 haikujengwa ufukweni, ilijengwa karibu na barabara kuu. Steeplechase ikafungwa 1964. Waingereza nao wakaanza kupanda ndege kwenda kuota jua Hispania, na vile viwanda vya nguo vyenyewe vikawa vinakufa kimoja kimoja, kwa hiyo ile wiki ya mji mzima nayo ikafa.

Waliobaki walijitahidi kwa njia mbili. Moja ni kushindana kwa ukubwa, 1994 Blackpool wakajenga rola kosta ya Big One, zaidi ya mita 60 kwenda juu na zaidi ya kilomita 110 kwa saa, wakati huo hakuna iliyoizidi kwenda juu duniani. Na Pleasure Beach, ambako kwa zaidi ya miaka 100 uliingia bure ukalipia unachopanda, sasa ukifika getini unalipa. Hilo linaniuma kidogo, bibi aliyekuja kuangalia wajukuu tu naye alipe? Njia ya pili ni kulinda vya zamani. Rola kosta ya mbao ya Coney Island, Cyclone ya 1927, mji uliitangaza kuwa urithi 1988, na watu bado wanaipanda.

Kwa hiyo mwanangu nimeshamjibu, siyo bahari, ni nauli nafuu na siku ambayo watu wote wamepumzika pamoja. Akawaza kidogo akasema, kama Idd? Ndiyo, kama Idd, na kama Nane Nane pale Nzuguni, maana siku hizo bembea zinatufuata hukuhuku, zile za chuma zinazosukumwa kwa mikono, na yeye huwa anaomba raundi ya pili kabla ya kwanza haijaisha.