Kabla hujatuletea barua ya kusema chama fulani ni cha "maliberali", soma hapa kwanza

Tangu kampeni ya elimu ya uraia ianze dawati letu la malalamiko kuhusu vyama vya siasa linapokea barua za kutaka chama kifutwe kwa sababu eti ni cha maliberali. Moja imekuja kwenye karatasi ya daftari, wino wa bluu, neno LIBERALI limepigiwa mstari mara tatu, chini imeandikwa maana yake ni watu wasio na dini. Jamani hapana. Najua aliyeandika ana uchungu na nchi yake, lakini neno hilo peke yake halifungui faili.

Mzizi wake ni Kilatini, liber, yani mtu huru asiye mtumwa. Wazee wa mpira mnamkumbuka libero, yule beki wa mwisho asiyepewa mtu wa kukaba, basi mzizi ndo huohuo. Kwenye siasa lilishika kasi Hispania, kwenye bunge la Cádiz lililotoa katiba ya 1812, waliotaka mfalme awekewe mipaka wakaitwa liberales.

Baadaye kila nchi ikalivutia kwake. Marekani, tangu enzi za Roosevelt miaka ya 1930, liberali ni anayetaka serikali iingilie kati imbebe mnyonge. Australia chama cha Liberal alichoanzisha Robert Menzies 1944 ndo chama cha wahafidhina, yani wanaotaka mambo yabaki kama yalivyozoeleka, na Japani Liberal Democratic ya 1955 nayo hivyohivyo. Sisi Tanzania tumezoea kusema huria, soko huria, lile la mageuzi ya 1986 mpaka rais wa wakati huo, Mzee Mwinyi, akaitwa Mzee Ruksa, na wanaolipinga wanaliita uliberali mamboleo, wanalaumu serikali kujitoa na kumwachia mwananchi soko. Sasa hebu ona, wa kule anaitwa liberali kwa kutaka serikali iingie, wa hapa kwa kutaka itoke, halafu wewe unachukua klipu ya mabishano ya Marekani unambandika nayo mgombea udiwani!

Chama cha CUF kimewahi kuwa kwenye Liberal International, umoja wa vyama vya kiliberali duniani, na hilo halijawahi kuwa siri. Sisemi ni vizuri wala vibaya, ofisi haiegemei upande.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inachokataza ni chama kujengwa juu ya dini, kabila, rangi au eneo moja, kutaka kuvunja Muungano, kutumia nguvu, au kutochagua viongozi wake kwa demokrasia. Uliberali haumo. Na usajili wa kudumu unataka wanachama wasiopungua 200 kwenye kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja mmoja Pemba, yote ndani ya siku 180 za usajili wa muda. Hakuna fomu inayouliza kama wewe ni liberali.

Na wanaotunga uongo kwa makusudi kumchafua mtu mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kusema "nimefowadi tu" siyo kinga ya kutegemea.

Kama kuna kosa kweli tuandikie nani alisema nini, wapi, tarehe gani, na nani alisikia, weka jina lako na sahihi. Ile barua ya wino wa bluu tumeirudisha kwa mwenyewe aijaze hayo, tunaisubiri.