Njia ya kijani na njia nyekundu kwenye forodha ya Ulaya

Ukishachukua begi lako uwanja wa ndege wa Frankfurt au Amsterdam, unakuta njia mbili za kutokea. Ya kijani ni ya asiye na cha kutangaza, nyekundu ni ya mwenye nacho. Wasafiri wengi huichukua ya kijani kwa kuwa ndiyo wanayopita watu wengi, wakiamini mambo ya forodha huanza pale afisa anapokusimamisha. Sivyo. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kupita njia ya kijani ni tamko kamili la forodha. Hujajaza fomu wala kufungua mdomo, lakini umeshasema huna mzigo wa kulipiwa ushuru wala uliokatazwa. Ukikutwa nao baada ya hapo, utetezi wa "sikujua" ni mgumu. Mwenye shaka aende upande mwekundu akaulize. Kuuliza si kosa.

Nani basi ana cha kutangaza? Anayeingia kwa ndege au meli kutoka nje ya Umoja anasamehewa kodi kwa bidhaa za hadi euro 430, na kwa barabara au reli euro 300, mradi ziwe za matumizi yake, za familia au zawadi. Sigara na pombe zina viwango vyake. Nguo na vitu vyako vya safari havihesabiwi. Ila kitu kimoja hakigawanywi: mume na mke hawawezi kuunganisha misamaha yao kwa kamera moja ya euro 700. Italipiwa kwa thamani yake yote.

Hata hivyo, watu wetu wanaokwenda kuwaona ndugu zao hawakwami kwenye kamera. Wanakwama kwenye chakula, na hapa inaumiza, maana ni vitu vilivyofungwa kwa mapenzi. Nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, hairuhusiwi, wala maziwa na mazao yake, kwa hiyo samli ya mama nayo imo. Sababu yake ni magonjwa ya mifugo kama vile ugonjwa wa miguu na midomo, ambao virusi vyake huweza kusafiri ndani ya nyama na maziwa. Kinachosamehewa ni maziwa ya unga ya watoto wachanga, hadi kilo 2, yakiwa kwenye kopo lisilofunguliwa. Samaki wana nafuu kubwa: dagaa wakavu unaweza kubeba hadi kilo 20. Asali mwisho kilo 2. Maembe, tangu Desemba 2019, yanahitaji cheti cha afya ya mimea kwa hofu ya wadudu kama nzi wa matunda, lakini ndizi, nanasi, nazi na tende hazihitaji.

Fedha taslimu kuanzia euro 10,000 lazima zitangazwe. Hazitozwi kodi, kinachotakiwa ni kueleza zimetoka wapi na zinakwenda wapi. Sarafu na vipande vya dhahabu huhesabiwa humo pia.

Na kama unabadilisha ndege, tuseme unashuka Amsterdam kuelekea Berlin, begi la mkononi hukaguliwa Amsterdam, na lile ulilokabidhi Dar es Salaam hukaguliwa Berlin. Kwa hiyo dagaa walio kwenye begi kubwa utaulizwa Berlin, si Amsterdam.