Pwani ya kusini ina kalenda yake: dhana potofu kuhusu Mtwara na Lindi

Mtu akipanga kuja Mtwara au Lindi, mara nyingi anayempa ushauri ni mtu aliyewahi kwenda Unguja. Bahari ni ile ile, minazi ni ile ile na Kiswahili ni kile kile, basi anaelekezwa mwezi wa kuja, nguo za kubeba na saa za kuogelea kana kwamba anakwenda Nungwi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Sisi wa huku tunapenda wageni waje, na wengine wahamie kabisa, kwa hiyo ni vizuri dhana hizi zisahihishwe mapema, kabla mtu hajalipia chumba au, mbaya zaidi, kiwanja.

"Mvua za pwani ni vuli na masika"

Hii ndiyo inayoharibu safari nyingi. Dar es Salaam, Tanga na Unguja wana misimu miwili ya mvua. Kusini tuna mmoja tu. Mvua zinaanza Novemba kuelekea Desemba, zinaendelea hadi Aprili na pengine zinaingia Mei. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotoa utabiri wake, Lindi na Mtwara inaziweka pamoja na mikoa ya msimu mmoja, siyo na pwani ya kaskazini.

Maana yake ni kwamba Januari na Februari, miezi ambayo Unguja ni kiangazi na hoteli zimejaa, huku watu wako shambani na jembe mkononi. Barabara za vumbi za vijijini zinageuka tope, mito inamwaga maji mekundu baharini, na anayetaka kuzamia aone matumbawe haoni kitu. Mvua hainyeshi kutwa nzima, na yapo majira ya asubuhi mazuri sana, lakini hicho si kipindi cha kumpangia mtu mapumziko ya siku nne.

Kipindi chetu kizuri ni Juni hadi Oktoba. Ndani ya miezi hiyo pia kuna tofauti. Juni, Julai na Agosti upepo wa kusi unavuma kwa nguvu, na usiku ubaridi unaingia hasa. Ukikaa baraza la Shangani, hapa Mtwara mjini, kuanzia saa mbili usiku utatamani sweta. Mimi nikiulizwa huwa nataja mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba: upepo umelegea, maji yametulia na mvua bado. Ukisogea zaidi kuelekea Novemba unaingia kwenye minada ya korosho, fedha inazunguka mjini, na nyumba za wageni zinakuwa na wanunuzi na madereva wa malori. Weka nafasi mapema.

"Tanzania haipatwi na vimbunga"

Wengine wanaongeza kwamba ikweta inatukinga. Kuna chembe ya ukweli humo. Kimbunga kinahitaji mzunguko wa upepo unaotokana na dunia kujizungusha, na karibu sana na ikweta nguvu hiyo haitoshi. Ila kinga hiyo inaanza kupungua ukifika takriban nyuzi 5 za latitudo, na Lindi na Mtwara ziko nyuzi 10 kusini. Kinachotusaidia zaidi ni Madagaska, kisiwa kikubwa kinachopokea vimbunga vingi kabla havijatufikia.

Vingine vinapita. Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi wenyewe, kikabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Aprili 2019 Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mtwara shule na ofisi zilifungwa, na wakazi wa ufukweni na mabondeni wakaambiwa wahamie penye usalama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani kwa siku kadhaa.

Angalia miezi hiyo: Aprili, Aprili, Mei. Ni mwisho wa msimu, wakati watu wameshaacha kuwaza dhoruba. Anayehamia huku ajijengee mazoea ya kusikiliza TMA hasa miezi hiyo, na akiezeka, bati lake lifungwe kwenye kenchi sawasawa. Wavuvi hawahitaji kukumbushwa. Wanaotutia hofu ni wageni wanaokodi boti wakati nahodha mwenyewe anasema leo hapana, wakadhani anataka kuongezewa hela.

"Bahari ipo, utaogelea saa yoyote"

Bahari ipo, ila haikai mahali pamoja. Katika bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu inazidi mita 3. Fukwe nyingi zimelala, hazina mteremko mkali, kwa hiyo maji yakipwa yanakwenda mbali sana. Mgeni aliyeona picha ya maji ya buluu mpaka ngazini anatoka chumbani saa nne asubuhi anakuta uwanda wa mchanga, majani ya bahari na mitumbwi iliyolala ubavu. Anadhani ametapeliwa.

Hesabu yake ni rahisi, na kila mtoto wa pwani anaijua. Siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanapwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa kiasi kidogo, ndiyo maji mafu. Ukijua mwezi uko wapi angani, umejua saa ya kuogelea.

Maji kupwa nayo si hasara. Ndiyo saa ya akina mama wanaochokoa pweza, na ni kazi ya kuiangalia kwa heshima. Mama anatembea juu ya mwamba na fimbo yake nyembamba, macho chini, anatafuta tundu ambalo mdomoni pana vipande vya magamba ya kaa vilivyotupwa nje. Akiliona anaingiza fimbo taratibu, anasubiri mkono wa kwanza wa pweza uizingire, ndipo anavuta. Wewe usiyejua kazi hiyo, usiusogelee mwamba peku. Kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya ngozi, na ukikanyaga matumbawe hovyo unavunja nyumba ya samaki ambao kijiji kizima kinawategemea. Baadhi ya vijiji hufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue. Ukikuta pamefungwa, hata wewe mgeni usiingie.

"Samaki ni bei ya bure mwaka mzima"

Bei ya samaki inafuata upepo. Kusi likikaza, mitumbwi na ngalawa hazitoki, mnadani kunakuwa na mafungu machache na bei inapanda siku hiyo hiyo. Familia nyingi zinarudi kwenye kisamvu, mbaazi na dagaa wakavu. Anayehamia ajue hivyo anapopanga bajeti, asije akamlaumu muuza samaki.

"Visiwa vya Kilwa ni magofu tu"

Kilwa ziko tatu, na watu wanazichanganya: Kilwa Masoko ndio mji wa sasa, Kilwa Kivinje ni mji wa kale ulioko bara, na Kilwa Kisiwani ndicho kisiwa chenyewe. Magofu ya Kisiwani pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa humo mwaka 2014. Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji wake. Ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu ukatazama kuba zake, au ukashuka ngazi za jumba la kale la Husuni Kubwa kuelekea baharini, utaelewa kwa nini.

Lakini Kisiwani ni kijiji kinachoishi. Kuna shule, kuna watoto, kuna misikiti inayosaliwa leo, kuna wanawake wanaochota maji visimani. Visima hivyo vinastahili neno. Katika visiwa vya namna hii maji baridi ni ya mvua iliyozama ardhini na kuelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta mengi kwa haraka, chumvi inapanda. Kwa hiyo mgeni anayelala kisiwani na kuoga ndoo tatu kwa siku anatumia akiba ya wenyeji. Kibali cha kuingia unalipia Masoko kabla ya kuvuka. Ukifika, salimia kwanza, omba ndipo upige picha, na usikate njia katikati ya ua wa mtu kwa kuwa nyuma yake kuna ukuta wa kale.

Songo Songo nacho ni kisiwa cha Mkoa wa Lindi, na gesi yake inazalisha umeme tangu 2004. Msangamkuu, ambako watu wa Mtwara mjini wanavuka kwa kivuko, wengi wanakiita kisiwa. Ni rasi iliyoungana na bara. Na Msimbati, ufukwe mzuri kuliko yote niijuayo upande huu, si uwanja wa wazi usio na mwenyewe. Uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, na makombe na matumbawe hayabebwi.

"Kiwanja cha ufukweni ni kupatana na mwenyeji, basi"

Hapa watu wanapoteza akiba za miaka. Ardhi nyingi ya ufukweni Mtwara na Lindi ni ardhi ya kijiji. Mzee mmoja na mashahidi wawili chini ya mwembe hawatoshi. Maombi yanapitia halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Asiye raia wa Tanzania hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Ukionyeshwa kiwanja ambacho mawimbi yanagusa mpaka wake, pima hizo mita 60 kwa miguu kabla hujatoa hata shilingi. Kama mbele yake kuna mikoko, usiahidiwe kwamba itafyekwa upate mandhari: mikoko ni hifadhi ya misitu, na ndiyo inayozuia bahari isile ardhi yako.

Halafu kuna suala la mchanga. Fundi atakwambia mchanga wa bahari upo bure hapo chini, wa nini kununua wa mtoni. Chumvi iliyomo inakula nondo. Miaka michache tu nguzo ya baraza inapata ufa mwembamba uliosimama wima. Ukibandua plasta kwa mkono unakuta nondo imevimba, rangi ya machungwa, inakwanguka kwa ukucha. Nguzo ya namna hiyo mara nyingi haina dawa zaidi ya kubomolewa. Nunua mchanga wa mtoni, na nondo izikwe ndani ya zege vya kutosha.

"Upepo wa bahari unafukuza mbu"

Haufukuzi. Mtwara ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na wapo mbu waenezao malaria wanaozaliana hata kwenye maji yenye chumvichumvi ya mabwawa ya pwani. Lala kwenye chandarua chenye dawa. Ukipata homa, hata baada ya kurudi kwenu, kapime.

"Pwani ni pwani, vaa utakavyo"

Ufukweni vaa nguo za kuogelea, hakuna atakayekusumbua. Sokoni, kwenye basi, mitaani Mikindani, jifunge kanga au vaa suruali. Wengi wetu ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani kula hadharani mchana kunawaumiza watu ambao hawatakwambia. Na lile la kwamba watu wa kusini ni wachawi liacheni kabisa. Limewafanya vijana wetu wacheke kwa aibu wanapoulizwa kwao ni wapi, na halina msingi wowote.

"Ukichomwa na taa, kojolea jeraha"

Taa, yule samaki bapa, anajifukia mchangani kwenye maji mafupi, na ana mwiba wenye sumu mkiani. Tembea kwa kuburuza miguu, atakusikia aondoke. Akikuchoma, mkojo hausaidii. Zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kuanzia nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto linapunguza makali ya sumu. Kisha nenda hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani: Mtwara kuna Ligula na ile ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, Lindi kuna Sokoine. Kama mwiba umeingia kifuani au tumboni, usiuchomoe. Mkimbizeni mgonjwa hivyo hivyo.