Si kila ufa unaua upinde: dhana potofu na ukweli kwa anayeanza kuchonga

Mwezi Juni kijana mmoja alinijia karakanani Kariobangi na upinde wa mishale, wa mkaratusi, aliouchonga kwa wiki tatu. Uso ulikuwa umemwanguka. Katikati ya mkono mmoja wa upinde kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umelala sambamba na nyuzi za mti, na alikuwa tayari kuutia motoni. Wiki hiyohiyo mwingine akaniletea wake, umepakwa vanishi mpaka unang'aa, anauvuta kila jioni. Nilipopitisha ukucha mgongoni mwake, karibu na mshiko, ukucha ulikwama kwenye kijistari kilichokatiza upana wa mti. Nilimwomba afungue upote, yaani kamba ya upinde, palepale.

Upinde wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili ungeweza kumpasukia usoni. Wote wawili walikuwa wamefundishwa vibaya kuhusu nyufa, na ndiyo maana naandika haya.

Tukubaliane maneno kwanza. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukivuta upote, mgongo unatanuliwa na tumbo linabanwa.

Dhana: Upinde ukipata ufa, umekwisha.

Ukweli: kinachoamua ni uelekeo wa ufa. Urefu wake ni jambo la baadaye. Mti ni kama fungu la nyuzi ndefu zilizogandishwa pamoja. Ufa unaopita kati ya nyuzi haujakata hata moja. Nyuzi zote bado zinabeba mzigo wake toka ncha hadi ncha. Nyufa za namna hii mara nyingi hutokana na kukauka, na upinde wenye ufa kama huo huweza kutumika miaka mingi. Ufa unaokatiza mgongo ni jambo jingine kabisa. Hapo nyuzi zimekatika, mzigo wao umehamia kwa jirani zao, na jirani hao ndio watakaofuata. Hakuna gundi ya kuuponya. Utundike ukutani au uukate vijiti vya kufanyia mazoezi ya randa.

Kati ya hizo mbili kuna ya tatu, ambayo ndiyo huwachanganya wengi: ufa unaoanza kwa kufuata nyuzi kisha unatokea pembeni mwa mkono wa upinde. Huo unaweza kuinuka kama kibanzi siku yoyote. Huzibwa na kufungwa uzi, na hata hivyo upinde huo usiuvute kwa nguvu zote.

Kukagua ni rahisi. Chukua kipande cha pamba, kiburute polepole mgongoni kote. Pamba ikinasa, pana kibanzi kinachoinuka. Kisha washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa upinde, mwanga upite juu ya mti badala ya kuuangukia. Nyufa ambazo jicho halikuziona mchana huonyesha kivuli chake.

Na tumboni? Huko tafuta mikunjo midogo inayokatiza, kama ngozi ya kiwiko. Nyuzi zimebanwa zikasalimu amri. Gundi haisaidii hapa pia, kwa kuwa hakuna pengo la kujaza. Mahali hapo panapinda kuliko penginepo, basi punguza mti sehemu zinazokataa kupinda ili kazi igawanyike, na ukubali upinde mwepesi zaidi. Mikunjo ikiwa mingi na mirefu, acha.

Dhana: Anika mti juu ya mabati, jua la Nairobi litaukausha upesi.

Litaukausha, na litaupasua. Mimi nilipoteza vijiti vinne vya mzeituni mwitu kwa kuviacha juu ya paa wikendi moja ya Januari. Jumatatu ncha zilikuwa zimefunguka kiasi cha kuingiza sarafu. Mti mzuri sana, ulionyooka, nikaugawa kuni.

Sababu yake iko hivi. Mti mbichi huanza kusinyaa pale unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30. Kwa mzunguko husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Gogo zima la mviringo haliwezi kukubaliana na hesabu hiyo bila kupasuka. Tena maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa, kwa hiyo ncha ndizo huanza.

Ukishakata mti, upasue vipande viwili kupitia kiini siku hiyohiyo. Paka ncha gundi nyeupe ya mbao au rangi ya mafuta, tabaka mbili. Uweke kivulini, umeinuliwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Uache na sentimita kadhaa za ziada kila upande, maana ncha zitapasuka kidogo tu na utazikata. Upime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kupungua kwa wiki kadhaa mfululizo, mti umekauka kiasi cha kutosha. Baridi ya Julai itakuchelewesha. Vumilia.

Dhana: Mti mgumu haupasuki.

Mara nyingi ni kinyume, mbao nzito ndizo huleta shida zaidi wakati wa kukauka. Upinde unahitaji mti unaokubali kupinda na kurudi. Wahadza, wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hutumia miti ya jamii ya mkole, na maisha yao yametegemea upinde.

Dhana: Lazima ufuate duara moja la mwaka mgongoni, la sivyo utapasuka.

Duara la mwaka ni tabaka ambalo mti huongeza kila mwaka. Ushauri huu ni sahihi kule Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako baridi husimamisha ukuaji wa mti na kuacha alama iliyo wazi. Huku karibu na ikweta miti mingi haina duara za kusomeka hivyo. Njia salama kwa anayeanza ni kutumia mti mchanga ulionyooka, kuubandua gome, na kuuacha uso ulio chini ya gome uwe mgongo bila kuugusa kwa panga wala tupa. Ukinunua ubao sokoni Gikomba, chagua ule ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka mwisho hadi mwisho bila kukimbilia pembeni, hata ikibidi upekue rundo zima na mwenye duka akunune.

Dhana: Kaza ufa kwa waya au msumari.

Msumari hupasua zaidi. Waya hukata nyuzi. Tumia supaglu nyepesi kama maji, idondoshe ufani mpaka ikatae kuingia, ngoja ikauke, rudia. Piga msasa, kisha zungusha uzi wa kushonea viatu uliolowa gundi, mizunguko igusane. Usifute supaglu kwa pamba: zikikutana hupata joto ghafla na kuunguza vidole. Mafuta ya kupaka mti hupunguza unyevu kuingia na kutoka, lakini hayaungi kitu, na yakitangulia gundi haitashika.

Mgongo unaotia shaka unaweza kuuvika ngozi mbichi ya mbuzi. Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi hapa Nairobi, hazikosekani. Ngozi huzuia vibanzi kuinuka. Haiunganishi nyuzi zilizokwisha kukatika.

Dhana: Mlio mdogo ni mti unajizoesha.

Hapana. Ukisikia "tik", rudisha upote taratibu, ufungue, kagua. Na vaa miwani.

Upinde wa yule kijana tuliuziba mara tatu, tukaufunga uzi, tukauvuta kwa mizani ya kuning'iniza kilo mbili mbili mpaka kilo 14. Ufa bado unaonekana, mstari mweusi unaotokeza pande zote mbili za uzi. Kila Jumamosi, kabla hajafunga upote, anatoa kipande cha pamba mfukoni na kuupitia mgongo wote.