Kwa nini mwanambuzi hutembea siku ya kuzaliwa, na mtoto wa mtu hungoja mwaka?

Je, wajua? Ukipanda kutoka Goma kwenda Kibumba asubuhi, si ajabu kumkuta mbuzi aliyezaa usiku anakula majani, na mwanambuzi wake ameshasimama anatafuta chuchu. Kabla jua halijazama atakuwa anarukaruka juu ya mawe meusi ya lava. Mama mwenye mbuzi huyo huenda ana mtoto wa miezi 10 ambaye bado anasimama kwa kushika kigoda, na akikiachia tu anakaa. Majirani hawakosi la kusema: ni mvivu huyo, amezoea mgongo wa mama. Wanamwonea bure. Sehemu kubwa ya sababu iko kisogoni mwake, katika kiungo ambacho bado kinajengwa.

Kiungo hicho ni serebela, sehemu ya ubongo iliyo nyuma na chini, karibu na pale kichwa kinapokutana na shingo. Uzito wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Lakini mwaka 2009 timu ya mtafiti Suzana Herculano-Houzel nchini Brazili ilipohesabu seli za neva, yaani nyuroni, ilipata bilioni 86 katika ubongo mzima wa mtu mzima, na bilioni 69 kati ya hizo zilikuwa ndani ya serebela peke yake.

Kazi yake utaiona kwa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, anayeshuka barabara ya Rutshuru na magunia ya viazi. Goti moja liko juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, na mteremko ukizidi, kisigino kinakandamiza kipande cha tairi kuukuu dhidi ya gurudumu la nyuma. Pikipiki ikimkata mbele, mwili wake umeshainama upande wa pili kabla hajapata wa kumgombeza. Amri ya kusogeza misuli hutolewa kwingine katika ubongo. Serebela ndiyo inayolinganisha kilichokusudiwa na kilichofanyika, kisha inarekebisha papo hapo, na kesho yake inakumbuka.

Namna inavyojengwa ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nyuroni nyingi za serebela ni seli punje, ndogo kuliko nyuroni nyingine zote. Mama zao, yaani seli zinazozizaa kwa kugawanyika, huanzia ukingoni mwa ubongo wa nyuma wa mimba changa, husambaa juu ya serebela mpaka kuifunika, na huko juu ndiko zinakogawanyika kwa wingi usio wa kawaida. Zinakofanyia kazi, hata hivyo, ni ndani. Kwa hiyo kila seli punje, ikishazaliwa, lazima isafiri kushuka, ipite katikati ya seli nyingine na kufika kwenye tabaka lake. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliwahi kuzichora zikiwa katika hatua mbalimbali za safari hiyo. Alikuwa na darubini na seli zilizokufa tu, lakini akaona mwendo ndani yake.

Aliyezionyesha zikitembea zikiwa hai ni mwanasayansi wa neva Mary E. Hatten, wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake walizikuza seli za serebela ya panya katika vyombo vya maabara na kuzirekodi kwa video chini ya darubini. Seli punje hujibana kwenye uzi mrefu wa seli ya glia, yaani seli saidizi ya ubongo, ambayo ndiyo nguzo ya njia, na kuteleza juu yake. Haiendi mfululizo. Inatoa kiguso mbele, inavuta kiini chake, inasimama, inaanza tena, na kwa saa nzima haivuki upana wa unywele mmoja. Nguzo ikiharibika, au seli ikikosa protini ya kushikia, safari inavurugika.

Nani anaziambia seli zigawanyike, na kwa muda gani? Mwaka 1999 maabara kadhaa zilitoa jibu lilelile. Chini ya tabaka la mama za seli punje zipo seli kubwa za Purkinje, zenye matawi kama mti wa mwerezi uliobanwa ukutani, na hizo hutoa protini iitwayo Sonic hedgehog. Protini hiyo ikifika juu, mama hao huendelea kugawanyika. Yaani seli za Purkinje zenyewe huagiza wingi wa wale watakaozungumza nazo, maana kila mojawapo baadaye hupokea viunganishi zaidi ya laki moja kutoka kwa seli punje.

Kwa panya kazi hii huisha kama wiki 3 baada ya kuzaliwa. Kwa binadamu huanza tumboni, huendelea mwaka wa kwanza wote wa maisha na kuingia wa pili. Simbilisi wanaofugwa majikoni huku Kivu ni mfano wa upande wa pili: huzaliwa wakiwa na manyoya, macho wazi, wanatembea siku hiyohiyo, na serebela yao imeshakomaa zaidi tumboni kuliko ya panya.

Sitaki kuitwisha serebela mzigo wote, kwa sababu uti wa mgongo, neva na misuli navyo vina zamu yavyo. Utafiti wa Martin Garwicz na wenzake nchini Sweden, uliotoka mwaka 2009, uliwalinganisha mamalia wa aina 24 kwa kuhesabu tangu mimba inapotungwa, badala ya siku ya kuzaliwa. Kadiri ubongo wa mnyama aliyekomaa ulivyo mzito, ndivyo kutembea kunavyokuja baadaye. Ubongo wa mbuzi una zaidi kidogo ya gramu 100, wetu unapita 1,300. Kwa hesabu hiyo binadamu hachelewi hata kidogo.

Kwa wazazi, jambo zito ni hili: kati ya wiki ya 24 na ya 40 ya mimba ujazo wa serebela huongezeka takriban mara 5. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati anaikosa sehemu ya kipindi hicho tumboni, ndiyo maana anahitaji kufuatiliwa kliniki hata akiwa ameshanenepa. Pombe nayo huua seli za Purkinje za mimba, iwe bia ya chupa au kasiksi, pombe ya ndizi. Kuhusu kutembea, Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wenye afya katika nchi 5 na kukuta wanaanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18 hivi. Wa miezi 14 anayetambaa na kusimama vizuri si mgonjwa.

Tofauti ni mtoto aliyekuwa akitembea vizuri kisha akaanza kupepesuka, anayeamka na maumivu ya kichwa na kutapika. Agizo lile la kugawanyika lisipozimwa, mama za seli punje zinaweza kuwa uvimbe wa saratani uitwao medulloblastoma, na hata aina zake zinazotokana na seli nyingine huchipuka huko huko nyuma ya kichwa. Dalili hizo zikionekana pamoja, apelekwe kwa daktari wa watoto mara moja.