Je, wajua? Bangi ya Berlin hujuaje kwamba baridi iko njiani?

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima nchini Ujerumani anaruhusiwa na sheria kuotesha miche mitatu ya bangi nyumbani kwake. Kanada iliwatangulia, Oktoba 2018. Hapa kwetu Kenya mambo ni yale yale: sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza, na makala haya hayana nia ya kumpeleka mtu gereza la Shimo la Tewa. Ila habari za huko zimezua swali moja zuri la mimea, ambalo barazani hujibiwa haraka na karibu kila mara hujibiwa sivyo.

Swali lenyewe ni hili. Mche uliopandwa nje mjini Berlin mwezi Mei hupiga majani na matawi Juni nzima na sehemu kubwa ya Julai, bila ua hata moja. Ikiingia Agosti joto bado lipo, watu wangali wanaogelea maziwani, na mmea unaanza kuacha kurefuka na kutoa maua. Nani kauambia kwamba umebakiwa na wiki chache tu kabla ya mvua na baridi ya Oktoba?

Jibu la kwanza la barazani ni kwamba mmea unahisi baridi. Jibu hili lina mvuto kwa mtu wa pwani kwa sababu tunao mwembe uani, na mwembe kweli huamshwa na usiku wenye ubaridi, au ukavu pale ambapo ubaridi haupo. Kwa hiyo tunadhani miti yote hufuata kipimajoto. Lakini utazame mmea wa bangi uliowekwa ndani ya banda la kioo lenye joto la kutosha mwaka mzima: ukiachwa na mwanga wa jua tu, unatoa maua Agosti vilevile. Ugeuze sasa. Uweke mmea huo chumbani chini ya taa zinazowaka saa 18 kila siku, uteremshe joto utakavyo, na maua hayatoki. Wanaouza vipandikizi huko ng'ambo hukaa na mmea mmoja mama kwa miaka mingi namna hiyo, wakiukata matawi, nao haujui kabisa kwamba Oktoba nyingi zimeshapita nje ya dirisha.

Jibu la pili ni la werevu zaidi: siku zinafupika, mmea unaona. Huyu amekaribia, hata vitabu vya kilimo huiita mimea hii ya siku fupi. Bado hajafika. Na anayedai kwamba mmea umefikisha umri tu, huyo tutamrudia, kwa sababu ana haki katika aina moja tu ya bangi.

Aliyelishika jambo hili mapema ni Mfaransa Julien Tournois, na bahati nzuri mimea aliyoitumia ilikuwa bangi yenyewe na mhopi, jamaa yake wa karibu anayetiwa kwenye bia. Kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuta kwamba miche midogo kabisa, iliyonyimwa mwanga kwa sehemu kubwa ya siku, ilitoa maua ingali michanga. Mwaka 1914 aliandika kwamba kinachofanya kazi huenda si kufupika kwa mchana bali kurefuka kwa usiku. Kisha akaenda vitani na hakurudi. Sifa nyingi zikaenda kwa Wamarekani Garner na Allard, ambao mwaka 1920 walichapisha habari za tumbaku iliyokuwa ikirefuka kupita kimo cha mtu kiangazi kizima bila kuchanua, na maharage ya soya yaliyopandwa kwa wiki tofauti yakachanua karibu pamoja. Nao walidhani kinachoamua ni urefu wa mchana.

Mwaka 1938, Hamner na Bonner walifanya jaribio ambalo kwangu mimi ni miongoni mwa majaribio mazuri zaidi ya karne ile, kwa jinsi lilivyo jepesi. Walichukua gugu liitwalo Xanthium, lile lenye matunda ya miiba yanayoganda kwenye nguo. Wakaukatiza mchana kwa kipande cha giza: hakuna kilichobadilika, gugu likachanua kama kawaida. Wakaukatiza usiku kwa mwanga wa muda mfupi sana: gugu likakataa kuchanua. Mchana ulikuwa mfupi vilevile, usiku ulikuwa mrefu vilevile kwa jumla, ila ulikuwa umevunjwa katikati.

Hapo Mswahili ana mfano tayari. Mmea unafunga saumu, ila unafunga usiku, na kinachoharamishwa ni mwanga. Jua likizama saumu inaanza, likichomoza inaisha. Saumu ikitimia urefu unaotakiwa, mmea unaihesabu. Zikitimia saumu kadhaa mfululizo, unaanza kutoa maua. Lakini mwanga mwekundu hata wa dakika chache katikati ya usiku ni funda la maji saa saba za mchana wa Ramadhani: saumu imebatilika. Haisaidii kusema nilibaki na njaa saa zote nyingine. Na giza la mchana, kama lile la Hamner na Bonner, ni sawa na kukaa bila kula usiku wa Ramadhani, hakuna anayekuandikia.

Kuna kioja zaidi. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Beltsville, jimbo la Maryland nchini Marekani, waligundua kwamba mwanga mwekundu wa kawaida, wenye mawimbi ya kama nanomita 660, ndio unaobatilisha. Ukifuatiwa mara moja na mwekundu wa mbali, wa nanomita 730 hivi, ambao jicho letu karibu haliuoni, ubatilifu unafutwa na usiku unahesabiwa kama haukuguswa. Ni kama aliyekunywa kwa kusahau: madrasa ilitufundisha kwamba huyo aendelee tu, saumu yake iko sawa. Mwaka 1959 walikipata kinachofanya kazi hiyo, protini ya rangi iliyomo majanini ambayo waliiita fitokromu. Ina maumbo mawili. Mwekundu huigeuza iwe katika umbo la kazi, mwekundu wa mbali huirudisha, na gizani hujirudisha yenyewe polepole.

Ilikuwa rahisi basi kusema kwamba mmea hupima usiku kwa kungoja fitokromu irudi. Maelezo hayo bado yanazunguka mitandaoni, nayo hayatoshi. Protini hiyo hurudi ndani ya saa chache tu, ilhali mmea unapambanua usiku wa saa 9 na wa saa 10. Kinachohesabu ni saa ya ndani ya seli, yenye mzunguko wa kama saa 24, na fitokromu ni shahidi tu anayeiarifu kama mwanga umeonekana au la. Mengi ya haya yamepimwa kwenye mpunga na kwenye kimmea kidogo cha maabara kiitwacho Arabidopsis. Kwa bangi yenyewe, kwa kuwa ilipigwa marufuku karibu kila mahali kwa miaka mingi, utafiti wa jeni zake ni mchanga, na anayekuonyesha jeni moja na kusema ndiyo hii basi anakwenda mbio. Kinachojulikana vizuri ni kwamba hesabu hufanyika kwenye majani, kisha protini fulani husafiri hadi kwenye ncha ya tawi kupeleka amri. Mtaalamu wa Kisovieti, Chailakhyan, aliukisia ujumbe huo katika miaka ya 1930. Ulikuja kushikwa mkononi mwaka 2007.

Sasa turudi Berlin. Wenye jamaa Ulaya wanalijua jambo la usiku kupitia Ramadhani ya kweli. Ile ya 2016 iliangukia Juni. Mombasa tulifunga kama saa 13, kama kila mwaka. Aliye Berlin alifunga zaidi ya saa 18 na kufuturu kama saa tatu na nusu usiku. Usiku wao wa Juni, toka jua kuzama hadi kuchomoza, ni saa 7 na dakika chache. Hakuna bangi ya kawaida inayouona huo kuwa usiku. Katikati ya Agosti unafika kama saa 9 na robo, na aina nyingi za kaskazini zinakuwa zimeshaanza. Zinahitaji wiki 7 hadi 10 toka hapo hadi kukomaa. Piga hesabu mwenyewe: unaangukia Oktoba.

Na Oktoba ya huko ni mbaya kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Tunadhani adui ni barafu. Barafu huja, lakini anayewahi kuharibu ni ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, ule ule unaoozesha zabibu na stroberi. Hupenda ubaridi wa wastani na unyevu usiokauka. Kishada cha maua ya bangi ni kinene, kimebanana, na maji ya mvua yakiingia katikati hayatoki. Dalili ya kwanza ni ndogo: kijani kibichi cha kishada kizima, isipokuwa kijijani kimoja kilichogeuka njano. Ukikivuta kinachomoka bila ubishi, na ukikipasua kishada unakuta ndani kahawia tupu na nyuzinyuzi za kijivu kama vumbi la shuka la zamani. Nje bado kinapendeza.

Ndiyo maana mazungumzo ya wakulima wa huko hayaishi kuhusu kuwahi. Wengine huvuta turubai jeusi juu ya mimea kila jioni ya Julai, waipe usiku wa saa 12 kabla ya wakati. Ni Tournois huyo huyo, karne moja baadaye. Wengine huhamisha vyungu kwa sababu jirani amefunga taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, na upande unaoelekea taa umebaki majani matupu. Mbalamwezi haina neno. Mwezi mpevu hautoi hata nusu ya luksi moja, kipimo cha mwangaza, na kwa mimea mingi hilo ni giza. Wengi zaidi huchagua mbegu tu.

Hapa yule wa umri anapata haki yake. Mwaka 1924 mtaalamu wa mimea Mrusi, Janischewsky, aliielezea bangi mwitu fupi ya Urusi na kuiita ruderalis. Inakokaa, kiangazi ni kifupi mno kungoja usiku urefuke, kwa hiyo aina hiyo imeiacha hesabu ya usiku: ikifikisha wiki chache toka kuota, inachanua, taa iwake isiwake. Wazalishaji wa mbegu wameichanganya na aina nyingine, na sasa zinauzwa mbegu zinazomaliza kila kitu kwa miezi miwili na nusu hivi. Zinakomaa Agosti, ukungu ukiwa bado safarini.

Na mbegu za ukanda wetu wa ikweta zikipelekwa kule? Hizo zimezaliwa mahali ambapo usiku unakaribia saa 12 mwaka mzima. Mababu zao wangekuwa wepesi wa kuchanua, wangechanua wakiwa na kimo cha kidole na kukosa mbegu za kutosha. Wakabaki wale wagumu, wanaohitaji usiku mrefu na miezi mingi. Berlin usiku wa namna hiyo unapatikana mwishoni mwa Septemba, na mmea unaanza kazi ya miezi mitatu wiki tatu kabla ya ukungu kuukuta. Kinyume chake nacho ni kweli: mbegu ya kaskazini ikiota kwenye mwanga wa Mombasa inakuta usiku wa saa 12 siku ya kwanza, inadhani imechelewa, na inachanua ikiwa haijafika gotini. Wanaovuta huisifu mbegu kwa udongo wake. Udongo una sehemu yake, ila latitudo imeshaamua mengi kabla jembe halijashikwa.

Mtu atasema basi sisi wa Mombasa hatuna cha kuhesabu. Jua letu la Juni huchomoza kama saa 12 na dakika 26 na kuzama saa 12 na dakika 19. Tofauti ya usiku mrefu na mfupi kwa mwaka haifiki hata nusu saa kamili. Kwa mmea uliozoea Berlin hiyo si kitu. Lakini Malaka, huko Malaya, nyuzi 2 tu kaskazini ya ikweta, watafiti walipanda mpunga uitwao Siam 29 kwa miezi tofauti na kuchapisha matokeo mwaka 1959. Mchana wa huko haubadiliki kwa zaidi ya robo saa hivi mwaka mzima. Mpunga uliopandwa Septemba ulichanua baada ya siku 161. Uliopandwa Januari ulichukua siku 329.